Magamba ya Kichwani na Matanga ya Baba

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye asubuhi ya leo amekung'uta mto wake dirishani kabla mwenzake hajaamka, ili asione kilichodondoka. Nilifanya hivyo kwa miaka. Kama ndiye wewe, kaa usome. Sitakueleza ugonjwa huu unaanzaje ndani ya mwili, maana hata waliousomea hawakunieleza nikaelewa. Nitakueleza nilivyoishi nao, nilivyoutibu ovyo, na nilivyowaumiza watu wangu kwa kuuficha. Kuugua hakukuwa kosa langu. Kuficha kulikuwa kosa langu, tena langu peke yangu.

Nilikuwa karani wa ghala la ushirika mjini Sumbawanga. Nina kidato cha nne, na wakati ule mwenye kidato cha nne alisikilizwa. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Wafanyabiashara walianza kununua mahindi wenyewe hukohuko mashambani kwa malori yao, ghala letu likabaki na panya na mizani, tukapunguzwa kazi. Mwezi huohuo nilihisi kitu nyuma ya sikio la kushoto, kama tope lililokauka. Nilikibandua kwa ukucha. Kesho yake kilikuwa kimerudi, na kilikuwa kikubwa zaidi.

Nilidhani ni mba. Mke wangu Skola naye alidhani ni mba. Aliyejua kwamba siyo mba alikuwa kinyozi wa mtaani kwetu, Kizwite. Siku hiyo alianza kuninyoa kisogoni, akasimama, akainama kuangalia.

"Mjomba," akasema, "hii siyo mba."

"Ni nini basi?"

"Mimi kazi yangu kunyoa. Sitibu mtu."

Akachukua wembe akautumbukiza kwenye spiriti, akauacha humo. Kisha akachovya na kitana. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi wakisubiri. Mmoja akainuka, akajinyoosha kama mtu aliyekumbuka jambo. "Mimi nitapita kesho," akasema. Wenzake wakacheka. Nikatoka nimenyolewa upande mmoja, Skola akamalizia nyumbani kwa mkasi. Sikukanyaga tena kwa kinyozi kwa zaidi ya miaka minne.

Sasa dawa. Zahanati walinipa marhamu ya mapunye, nikapaka mpaka kopo likaisha. Walinipa vidonge vya mapunye vilevile, nikameza, tumbo likachafuka na kichwa kikabaki vilevile. Jirani akasema mafuta ya taa. Nikapaka mafuta ya taa siku tatu, ngozi ikababuka, nikawa na magamba juu ya malengelenge. Usipake mafuta ya taa. Kuna aliyesema maji ya tumbaku, kuna aliyesema mshubiri, na mshubiri angalau ulipoza. Nilikwenda kwa mganga pia, sifichi. Akanichanja utosini akapaka unga mweusi, akaniambia kuna mtu ameninyoa akachukua nywele zangu. Pale alipochanja, magamba yalifuata mistari ya chale kama yaliyochorewa njia.

Neno lile la mganga lilinifanya nimtazame vibaya mke wangu. Ndiye aliyekuwa akininyoa. Ndiye aliyefua foronya zenye matone ya damu, akazianika nyuma ya nyumba majirani wasizione, maana siku zile mtu akikonda kidogo au akitoka madoa, watu walikuwa wameshamaliza kumhukumu kwamba ni ukimwi. Siku moja alikuja na maji ya uvuguvugu anioshe kichwa, nikausukuma mkono wake, bakuli likaanguka.

"Nywele ukishakata huwa unazipeleka wapi?" nikamwuliza.

Skola aliokota bakuli. "Nazitupa chooni, Baba Modesta," akasema. "Unataka niende nikakuokotee?"

Modesta ni binti yetu wa kwanza. Alikuwa mlangoni, alisikia yote. Nimemwomba Skola msamaha kwa swali lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kila mara ananiambia nyamaza, unywe chai.

Kazi niliyoipata baada ya ghala niliichagua kwa sababu ya kichwa. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Mbeya alifungua mashine ya kusaga nafaka karibu na soko, akataka mtu anayejua kuandika. Angeweza kuniweka dukani kwake pia. Nikasema hapana, mimi nitakaa mashineni. Mtu wa mashineni ni mweupe nyusi, kope, mabega. Nani atajua lipi ni gamba na lipi ni unga? Nilivaa kofia ya sufu, ile ya kuvuta hadi masikioni, nikasema nazuia vumbi. Na ilikuwapo sababu nyingine ya kweli, sikutaka cha kichwani mwangu kiangukie kwenye unga wa watu. Lakini chini ya sufu ile kichwa kilipata joto, kikawasha mpaka nikawa najikuna kwa kijiti cha kuwashia jiko.

Kulikuwa na mama mmoja mpika pombe, mteja wa kila wiki, ulimi wake haukuwa na breki. Tulikutana Jumapili nje ya kanisa.

"Baba Modesta," akasema kwa sauti ya soko, "huo unga wako hautoki hata Jumapili?"

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka. Mabega ya koti langu jeusi yalikuwa kama yamenyunyiziwa chumvi. Mwanamume hakai kanisani na kofia, kwa hiyo kuanzia Jumapili iliyofuata nikawa nasali nje, ukutani, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga wanaolia. Baadaye sikwenda kabisa.

Halafu nikapata krimu. Bidhaa za kila aina zilikuwa zinaingia kutoka ng'ambo ya mpaka, sabuni, manukato, vipodozi vya kung'arisha uso. Muuzaji mmoja sokoni alinivuta pembeni, akanionyesha tyubu ndogo yenye maandishi ya Kifaransa. "Mzee wangu, hii ukipaka wiki moja utakuja kunishukuru." Nilipaka wiki moja, nikaenda kumshukuru. Magamba yalitoka kama maganda ya kitunguu, ngozi ikabaki laini kama ya mtoto. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile. Nilitembea Kizwite yote bila kofia. Nikaingia kanisani nikakaa benchi la mbele. Skola alinichana nywele akiimba.

Nilipaka miezi mingi, asubuhi na jioni, bila kumwuliza mtu. Ngozi ya paji la uso ikawa nyembamba, inang'aa, mishipa inaonekana. Sikujali. Mvua za masika mwaka ule zikakata barabara, malori yakakwama huko njiani, na tyubu zikaadimika sokoni. Wiki ya tatu bila krimu, ugonjwa ulirudi kwa kishindo. Haukuwa tena madoa. Ulikuwa ganda moja tangu paji la uso hadi shingoni, limepasuka kama tope la bwawa lililokauka, likitoa maji. Masikio yalivimba. Mwezi wa tano upepo wa baridi ukaanza kuvuma Ufipa, na kila mpasuko ukawa unauma.

Nikiwa hivyo, mwezi wa sita, baba alifariki.

Alifia Pito, nyumbani kwetu, kijiji cha kutembea kwa miguu kutoka mjini. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Anayenifuata ni Felista, dada yangu, aliyekuwa akiishi palepale na kumtunza mzee. Tulimzika vizuri. Nilibeba jeneza, nikatupa udongo, kofia yangu ya sufu kichwani, na kwa baridi ile hakuna aliyeuliza.

Katika ukoo wetu, siku ya tatu baada ya maziko, watoto wa marehemu hunyolewa. Mkubwa hutangulia. Wembe haumruki mkubwa ukaenda kwa mdogo. Asiponyolewa yeye, wengine wanakaa wanasubiri, na matanga hayafungwi, hata kama ulezi umekauka shambani na ndege wanakula.

Asubuhi ile wakaweka kigoda uani, beseni la maji, kipande cha sabuni na wembe mpya kwenye karatasi yake. Mnyoaji alikuwa shangazi yetu, dada wa baba, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa. Ndugu wote walizunguka, kama watu themanini, na majirani nyuma yao.

"Deo," shangazi akaita, "njoo ukae, baba. Vua hiyo kofia tukuondolee msiba."

Nilisimama. Nilikitazama kigoda kile, nikajiona nimekaa, kofia imetoka, na watu themanini wanarudi nyuma hatua moja, kama yule mteja aliyeondoka kwa kinyozi. Nikasema, "Shangazi, nipe dakika. Nafuata unga kwa jirani, wa wageni hautatosha." Nikapita nyuma ya nyumba, nikavuka shamba la mahindi yaliyovunwa, nikashika njia ya mjini. Sikugeuka. Nilitembea haraka, nalia, na sikujua ninamlilia baba au ninajililia mwenyewe.

Walinisubiri mpaka jua likapita utosini. Hayo niliambiwa baadaye. Kisha Felista akainuka, mwanamke, mdogo wangu, akakaa kwenye kigoda changu, akasema, "Ninyoeni mimi."

Wiki moja baadaye alikuja mashineni. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa, kitambaa amekishika mkononi kwa makusudi nione. Alisubiri mpaka nikazima mashine.

"Kaka, kama huna uchungu na baba, sema. Nitaelewa. Wapo watu wasiowapenda baba zao."

"Felista, siyo hivyo."

"Ni vipi?"

Hapo ndipo ningevua kofia. Tulikuwa wawili tu, mimi na dada yangu niliyembeba mgongoni. Ningevua tu, yote yangeisha. Badala yake nilisema, "Hizo ni desturi za zamani. Mimi nimesoma. Siwezi kunyolewa uani kama kondoo."

Alinitazama kichwani, kwenye ile kofia, akarudi machoni. "Aha," akasema. "Sisi ndio kondoo." Akajifunga kitambaa taratibu. "Basi kaa na kusoma kwako, kaka. Pito usije. Na mimi kwako hutaniona."

Hakuwa mtu wa kutishia bure. Krismasi ilipita, Pasaka ikapita, Modesta akapata kipaimara, Felista hakuja. Nilimtuma Skola na kilo tano za unga. Ukarudi na mfuko wake haujafunguliwa. Ila Skola alirudi na jambo jingine, akalisema jioni ile akiwa bado na vumbi la njiani miguuni.

"Unajua wanasema nini Pito? Wanasema aliyekimbia wembe anajua baba yake alikufa na nini."

Nilikaa chini. Kwetu neno la namna hiyo si mzaha. Watu wamefukuzwa vijijini kwa neno hilo.

"Na Felista?"

"Felista anagombana nao. Kisimani, kilabuni, kila mahali. Hasemi nawe lakini anagombana kwa ajili yako. Wanamwambia na yeye anajua." Skola akaanza kulia. "Baba Modesta, niruhusu nikamwambie ukweli. Neno moja tu. Nimwambie kichwa kinaumwa."

Nikamkataza. Nilimkataza mke wangu kunitoa kwenye shutuma ya kumuua baba yangu, kwa sababu ya aibu ya magamba. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili nione kama ingependeza zaidi nikiipindisha. Haipendezi kwa namna yoyote.

Nilikaa hivyo masika mawili. Aliyenitoa ni Skola. Asubuhi moja ya mwezi wa nane alivaa kitenge chake cha kanisani, akasimama mlangoni. "Leo ni siku ya ngozi hospitalini. Twende. Ukikataa, naenda Pito sasa hivi, na nitasema kwa Felista na kwa shangazi na kwa kila kuku wa kijiji."

Siku ya ngozi nilikuwa naifahamu. Niliwahi kwenda peke yangu, nikafika kwenye kona ya jengo, nikaona ni benchi moja na wagonjwa wa ukoma, nikageuza. Sikukaa hata kuangalia ni akina nani walioketi pale. Safari hii Skola alinishika mkono wa koti kama polisi.

Benchi lilijaa. Mzee mmoja mwembamba, mvuvi wa zamani kutoka Wampembe, kule ziwani, alijisogeza na kupigapiga ubao kwa mkono usio na vidole viwili.

"Kaa, mwalimu."

"Mimi si mwalimu."

"Kwa sura hiyo ya kukasirika, wewe ni mwalimu. Kaa. Ukoma wangu umeshapona, nimekuja kusafishwa kidonda cha mguu. Siambukizi mtu."

Nikakaa ukingoni kabisa. Akaangalia mikono yangu, akahesabu vidole kwa kidevu.

"Kumi," akasema. "Vyote kumi! Na bado una huzuni namna hiyo?" Akamgeukia Skola. "Mama, huyu umemwoa wapi?"

Benchi zima likacheka, na Skola akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu zile siku za krimu. Mzee yule tuliendelea kukutana naye kwa miezi mingi. Alikuwa akinishikia nafasi, mguu wake mbovu ameuweka kwenye ubao, akimwambia kila anayekuja, "Hapa ana mwenyewe, kuna mwalimu wangu anakuja."

Aliyetuhudumia alikuwa muuguzi, mama wa makamo mwenye lafudhi ya Mbeya. Kila mtu alimwita Sista.

"Vua kofia, baba."

Nilivua. Ilishikamana na ngozi, ilibidi ivutwe. Nilifumba macho nikasubiri hatua zake zirudi nyuma. Hazikurudi. Nikasikia vidole vyake kichwani, bila glavu, vikigusa polepole kama mtu anayechagua nyanya.

"Muda gani?"

"Miaka minne."

"Uliwahi kupaka krimu za sokoni?"

"Ndiyo."

"Mh. Zikakupendeza, halafu zikakugeuka." Hakunigombeza. "Sikiliza. Huu si ukoma. Si mapunye. Si ukimwi. Haumwambukizi mama hapa, wala watoto. Hakuna aliyekuroga. Unaitwa soriasisi."

"Dawa yake?"

"Dawa ya kuumaliza hakuna. Ya kuutuliza ipo. Ukifuata, utatulia, na baridi ikija utakuja tena kidogo, nasi tutautuliza tena."

Skola akauliza, "Sista, hautaisha kabisa?" Sista akasema hapana, mama, huu mnaishi nao. Ajabu ni kwamba mimi nilifurahi. Kwa miaka minne kila mtu aliniahidi kupona, na kila ahadi iliniumiza. Huyu aliniambia hautaisha, nikamwamini.

Matibabu yalikuwa ya kuchosha, na nayaandika jinsi yalivyokuwa kwangu. Wewe nenda ukaonwe wewe. Nywele zikatwe fupi mno. Jioni kichwa kilowekwe mafuta ya alizeti, kifungwe kitambaa, magamba yalainike bila kubanduliwa kwa ukucha. Asubuhi kioshwe, kisha marhamu nyeusi iliyochanganywa palepale hospitalini, yenye harufu ya barabara inayowekwa lami. Jua la asubuhi kidogo, kofia ya sufu marufuku. Kila mwezi kurudi kwenye benchi. Modesta alisema nyumba inanuka kama gereji. Foronya zote zikawa na madoa ya kahawia, na Skola akazianika mbele ya nyumba.

Mwezi wa kwanza sikuona tofauti. Wa pili, mipasuko ikafunga. Mvua za kwanza zilipoanza, nililala usiku kucha bila kujikuna, nikaamka nikamwamsha Skola kumwambia. Akasema hongera, akageukia ukutani.

Bado Pito. Nilitaka kusubiri kichwa kisafike kwanza. Nilimwambia hivyo mzee wa Wampembe, akatikisa kichwa. "Ukienda na kichwa kizuri utaonyesha nini? Nenda nacho kikiwa kibaya."

Nikaenda Jumamosi, kikiwa na mabaka mekundu, kinang'aa mafuta meusi. Felista alikuwa anapepeta maharage uani, shangazi ameketi kwenye mkeka. Sikuwaamkia hata. Nilichuchumaa mbele yao, nikavua kofia nyepesi niliyovaa njiani, nikaiweka chini.

Felista aliacha kupepeta. Alikiangalia kichwa.

"Ni hiki?" akasema. "Ulituacha na matanga ya baba kwa sababu ya hiki?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siyo kusoma."

"Siyo kusoma. Niliona haya. Nilidanganya."

Nilitegemea alie, au anionee huruma. Alikasirika. "Miaka miwili wananiita dada wa mchawi! Miaka miwili nagombana na watu wazima! Na wewe umekaa Kizwite na kofia yako, una jibu kichwani, umelinyamazia!" Akavuta pumzi. "Mimi usiniambie. Mimi sikuwahi kuamini. Kesho kigangoni uwaambie wao."

Kesho yake, baada ya ibada, katekista alipomaliza matangazo, nilisimama. Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Nikasema jina langu, na kwamba siku ya kunyolewa nilikimbia kwa sababu kichwa changu kilikuwa kinaumwa na niliogopa kuonwa. Nikasema sikumtendea baba ubaya, ila nilimtendea dada yangu ubaya. Nikainamisha kichwa watu wakione. Nje nikasikia mbuzi.

Kisha shangazi akanyanyuka kutoka upande wa wanawake, akaja kwa hatua zake fupi, akashika kichwa changu kwa ile mikono mikubwa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua boga.

"Mbona hii ni ya baba yako?" akasema.

Sikumwelewa.

"Baba yako alikuwa nayo. Magotini na kwenye viwiko, tangu ujana. Ulishawahi kumwona amevaa kaptula wewe? Ulishawahi kumwona amekunja mikono ya shati?" Akawageukia watu. "Marehemu kaka yangu alikuwa nayo hii hii, nami nilikuwa namkanda kwa mafuta ya nyonyo chumbani, hata Felista asijue, na babu yenu alikuwa nayo. Ni ya ukoo." Akanigeukia mimi, macho yake yamejaa maji. "Mjinga wewe. Ungekaa tu kwenye kigoda kile, ningekuambia palepale."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi. Baba alificha viwiko vyake nisivione, nami nikakimbia matanga yake ili yasionekane magamba aliyonirithisha. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua, na alikuwa ameshika wembe ananiita kwa jina.

Watu walinipa mkono walipotoka. Si wote. Mmoja wa waliokuwa wakisema sana hajanipa mkono mpaka leo, nami simlaumu kuliko ninavyojilaumu. Felista alinipikia ugali na maharage, akaniwekea mezani, akaenda kula jikoni. Alinisamehe polepole, kwa vipande. Kwanza akaanza kuja kusaga mahindi kwenye mashine yangu badala ya ile ya karibu naye, akilipa na kuondoka bila maneno. Kisha akaanza kunisalimia. Nilijifunza kushukuru kwa kila kipande bila kudai kingine.

Nilikaa na kichwa tulivu mwaka mzima, nikarudi kanisani, nikarudi kwa kinyozi. Yule yule. Nilimwambia ugonjwa unaitwaje, akaniomba nimwandikie jina kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo chake. Kila baridi inapokuja magamba hurudi nyuma ya sikio, na Skola huyaona kabla yangu. Sista alihamishwa baadaye. Nasikitika sikumshukuru vya kutosha. Krimu zile bado zinauzwa, kwa majina mengine. Nakusihi usinunue dawa kwa mtu anayekuvuta pembeni.

Siku ninayopenda kuikumbuka ni ya baridi moja baadaye, siku ya soko, foleni ya mashine imefika barabarani. Nilisikia mtu anaita kupita kelele za injini.

"Kaka! Kaka Deo!"

Alikuwa Felista, anapenya katikati ya akina mama na madebe yao, mkono wa sweta ameukunja hadi begani. Akanyoosha kiwiko mbele yangu, mbele ya watu wote, na yule mama mpika pombe alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Palikuwa na doa jekundu lenye gamba jeupe, kubwa kama kizibo cha soda.

"Angalia!" akasema kwa sauti. "Shamba la baba mmechukua ninyi wanaume. Mimi nimeachiwa hii!"

Foleni nzima ikapasuka kwa kicheko. Mama mpika pombe akainama kuangalia, akauliza kama inawasha, Felista akamjibu inawasha sana. Nikamwuliza limemtokea lini. "Juzi," akasema. "Nimeliona juzi, leo nimekuja."

Nilizima mashine. Wateja wakaanza kulalamika, nikawaambia mtasubiri, nina mgonjwa. Tukatoka mimi na dada yangu kuelekea hospitalini katikati ya mchana, na ule mkono wa sweta hakuushusha.